Mazoezi ya Kuruka kwa Vyombo Nyumbani: Maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Safari hii tumekusanya pamoja maswali manne ya wasomaji wanaotumia programu za kompyuta zinazoigiza urushaji wa ndege, yaani simuleta, kwa ajili ya kujifunza kuruka bila kuona nje, wakitegemea vyombo vilivyo mbele ya rubani. Majibu yametayarishwa na mwandishi wetu wa masuala ya usafiri wa anga.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa urubani, na nyumbani kwetu ni Mwanjelwa, Mbeya. Nimeshapata leseni ya rubani binafsi na ninajiandaa kusomea idhini ya kuruka kwa vyombo. Katika likizo hii kaka yangu ameniruhusu kutumia kompyuta yake, nami kila jioni naruka kutoka Dar es Salaam hadi kiwanja cha ndege cha Songwe. Naona raha, lakini sijui kama najifunza au nacheza. Naomba mwongozo, hasa kuhusu kutua Songwe wakati wa ukungu.

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umejiuliza swali hilo mwenyewe mapema. Kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Songwe kila jioni, huku mfumo wa kujiendesha ukishika ndege na wewe ukitazama mandhari ya Usangu, hakutakusaidia sana mbele ya mtahini. Kitakachokusaidia ni mazoezi mafupi, yenye lengo moja linalojulikana kabla hujaiwasha injini, na yenye kipimo kitakachokuambia bila upendeleo kama umefaulu au umeshindwa.

Anza na jambo linaloonekana dogo kuliko yote, nalo ni kuzungusha macho. Katika ndege ndogo ya mafunzo iliyo na vyombo vya mviringo vyenye mishale kama saa utakuta vyombo sita vya msingi: kipima kasi, upeo bandia (kinachoonyesha kama ndege imelala ubavu, imeinua au imeshusha pua), altimita (kipima kimo), kionyesha zamu, kionyesha uelekeo na kipima kasi ya kupanda na kushuka. Macho yanapaswa kuondoka kwenye upeo bandia, kugusa chombo kimoja, kurudi kwenye upeo bandia, kisha kwenda kwenye kingine, wala yasigande popote. Kosa la wanafunzi wengi ni kuikazia macho altimita iliyopotoka kwa futi 50 mpaka uelekeo nao unapotea kwa nyuzi 20. Kwa hiyo weka mawingu kuanzia ardhini, zima mfumo wa kujiendesha, shika kimo kimoja na uelekeo mmoja kwa dakika kumi, na usijihesabie ushindi kama umetoka nje ya futi 100 au nyuzi 10. Ukiliweza hilo, ongeza zamu za kiwango, yaani nyuzi 3 kwa kila sekunde, ambapo duara zima huchukua dakika 2. Baadaye ongeza zamu huku unapanda, na zamu huku unashuka na kubadili kasi. Ni mazoezi makavu, nakubali, lakini ndiyo yanayobeba mengine yote.

Ukishafika hapo, ichukue Songwe kama somo, kwa sababu ni kiwanja kinachofundisha mengi. Kiko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, kilometa 20 hivi magharibi ya jiji la Mbeya, na ukielekeza macho upande wa jiji unakutana na safu iliyo na Kilele cha Mbeya, ambacho kinazidi mita 2,800. Mwinuko huo unabadilisha hesabu ulizozizoea pwani. Kipima kasi husoma msukumo wa hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila futi 1,000 kasi halisi huizidi ile inayosomeka kwa karibu asilimia 2. Ukishuka kuelekea Songwe ukiwa kwenye futi 6,000 na kipima kasi kikisoma maili za baharini 90 kwa saa, ndege yako kwa hakika inakwenda karibu 100. Sasa, ili kushuka kwa pembe ya nyuzi 3, rubani huzidisha kasi yake juu ya ardhi kwa 5 ili apate futi za kushuka kwa dakika. Pwani, ikiwa hakuna upepo, 90 inakupa futi 450 kwa dakika; Songwe, kwa kipima kasi kilekile, unahitaji 500. Anayeshuka kwa mazoea ya pwani atajikuta juu mno, na akishtuka na kuisukuma pua chini ndani ya ukungu, hapo ndipo hatari inapoanza.

Altimita nayo inahitaji nidhamu. Kila hektopaskali (kizio cha shinikizo la hewa) moja uliyoikosea unapoiweka altimita ni karibu futi 30 za kimo, kwa hiyo kosa la hektopaskali 10 linakupotosha kwa takriban futi 300, na karibu na milima futi hizo zina thamani kubwa. Programu nyingi zina kitufe kimoja kinachorekebisha altimita papo hapo. Kisahau kitufe hicho. Soma shinikizo kwenye taarifa ya hali ya hewa, litamke kwa sauti, kisha lizungushe mwenyewe kwa mkono, kila safari.

Kuhusu chati, yaani ramani za kurukia na kutulia, tumia taratibu zinazochapishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wala usitegemee tu kilichomo ndani ya programu. Taarifa za uelekezaji duniani husasishwa kwa mzunguko wa siku 28, ilhali programu uliyoinunua au kuinakili inaweza kuwa na taarifa za miaka kadhaa iliyopita. Songwe yenyewe ilianza kupokea ndege mwaka 2012. Ukifungua programu ya zamani sana unaweza kukikuta kile kiwanja cha zamani cha mjini na usikione hiki kipya kabisa.

Nimeacha mwisho jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika swali lako. Kutua wakati wa ukungu, kwa rubani wa vyombo, ni kujiandaa kwa kutotua. Unashuka hadi kimo cha chini kilichoandikwa kwenye chati, na kama hapo hujaiona njia ya kurukia ndege au taa zake, unaongeza nguvu, unapanda, na unafuata njia ya kuondokea iliyochorwa, bila kubishana na nafsi yako. Tabu ya simuleta ni kwamba wewe mwenyewe ndiye unayepanga hali ya hewa, hivyo unajua tangu mwanzo kama utaiona njia au hutaiona. Mwombe mdogo wako au rafiki apange kimo cha mawingu bila kukuambia, mara juu ya kile cha kwenye chati, mara chini yake. Mwezi mmoja wa zoezi hilo utakufundisha kuamua, na uamuzi ndio unaowaokoa marubani.

Kitufe cha kusimamisha programu kitumie wiki za mwanzo tu. Kina faida ambayo hakuna ndege inayoweza kukupa: ukichanganyikiwa katika mzunguko wa kusubiri, yaani duara ambalo ndege huzunguka ikingoja zamu yake ya kutua, unaisimamisha dunia, unachukua penseli, unachora ulipo na unakotakiwa kuingilia, kisha unaendelea. Ukishaelewa, kiache.

SWALI: Nipo Iringa mjini. Naomba kujua ni programu ipi nzuri, na kama kompyuta ya kawaida inatosha. Intaneti ninayotumia ni ya vifurushi vya simu.

JIBU: Kwa vifurushi vya simu, jihadhari na Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 na zilizofuata. Ile ya 2020 ilihitaji kupakuliwa zaidi ya gigabaiti 100, na uzuri wake mwingi unatokana na picha za ardhi zinazovutwa kutoka kwenye intaneti wakati unaruka; pia inadai kompyuta yenye nguvu. X-Plane huhifadhi mandhari yake ndani ya kompyuta, hivyo ukishaiweka unaweza kuruka bila intaneti. FlightGear hutolewa bure kabisa, na kwa zoezi la vyombo vya msingi inatosha vizuri.

Lakini ndugu yangu, mandhari ndicho kitu usichokihitaji hata kidogo. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza piano na vinanda vikubwa vya kumbi za sinema, alitengeneza sanduku la kufundishia lililotikiswa kwa mivukuto kama ile ya vinanda hivyo. Mwanafunzi aliketi ndani, akafunikwa kifuniko, akawa haoni chochote ila vyombo. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika hali mbaya ya hewa, na ndipo jeshi hilo likaanza kuyanunua masanduku ya Link. Maelfu ya marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia humo kuruka kwa vyombo, chini ya kifuniko, bila kuhitaji kuona mlima wala mto.

Fedha yako, basi, itangulize kwenye vya kushika. Kuendesha kwa kibodi hakufai, maana hakuna mguso wa taratibu. Tafuta angalau kijiti cha kuongozea, na pedali za miguu zifuate baadaye ukijaliwa. Panga skrini ili vyombo viwe vikubwa na visomeke bila kuinama. Vaa spika za masikioni, na maneno ya redio yatamke kwa sauti hata kama hakuna anayekujibu, kwa sababu ulimi usiozoea huchelewa, na rubani anayetafuta maneno huiacha ndege ikitangatanga.

SWALI: Je, saa ninazoruka nyumbani zinahesabika kwenye kitabu changu cha saa? Mimi ni mwanafunzi kutoka Makambako.

JIBU: Hazihesabiki. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho cha 1, vinataka saa 40 za kuruka kwa vyombo kwa anayeomba idhini hiyo kwenye ndege, na vinaruhusu sehemu yake, isiyozidi saa 20, au 30 pale panapotumika simuleta kamili, ifanyike ardhini. Hata hivyo saa hizo za ardhini lazima ziwe chini ya mwalimu aliyeidhinishwa, kwenye kifaa kilichokubaliwa na mamlaka. Kompyuta ya sebuleni haimo. Faida yake utaiona kwenye ada: mwanafunzi anayefika kiwanjani akiwa tayari anajua mpangilio wa utaratibu wa kutua hahitaji kurudia somo lilelile angani huku mafuta yakiungua.

SWALI: Nina leseni ya rubani binafsi na huwa naruka kati ya Iringa na Mbeya. Sina idhini ya kuruka kwa vyombo, lakini nimefanya mazoezi sana kwenye kompyuta na naweza kutua ndani ya mawingu bila shida. Nikikutana na mawingu njiani, kwa nini nisipite tu?

JIBU: Usipite, ndugu yangu. Mbali na kwamba sheria inakukataza, mazoezi uliyoyafanya yamekuacha bila kinga dhidi ya adui mkubwa kuliko wote, naye yumo ndani ya sikio lako.

Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji inayoutambulisha mwili kwamba unageuka. Zamu ikiendelea kwa utulivu kwa nusu dakika hivi, majimaji hayo huifikia kasi ya zamu yenyewe, na mwili huamini kuwa umenyooka. Ukiirudisha ndege iwe sawa, mwili hupiga kelele kuwa unapinduka upande wa pili, nawe unashawishika kuirudisha ndege kwenye zamu. Pua inashuka, unaivuta, na kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta huko kunaibana zamu na kushuka kunazidi. Nyumbani kiti chako hakijaondoka sakafuni. Sikio linasema umekaa, nawe kweli umekaa. Ule ugomvi kati ya mwili na vyombo haujawahi kukupata hata mara moja, ndiyo maana unaona ni rahisi.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya vyombo kwa kuwazuia wasione nje wakiwa angani. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, na wastani wa muda uliopita kabla ya hapo ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika 3 hazikutimia. Wewe umejifunza kusoma vyombo, hivyo huenda ukadumu zaidi yao. Lakini njia yako inapita kando ya milima, na wakati wa mvua mawingu huko hukaa juu ya mawe: safu ya Uporoto na Rungwe, ulio karibu mita 3,000, havikupi nafasi ya kupotea hata kidogo.

Watafiti wale walikuwa na shabaha ya kufundisha jambo moja la kumtoa mtu hatarini, nalo ni kugeuka na kurudi ulikotoka. Hilo ndilo ningekuomba uitumie kompyuta yako kulizoea. Kabla mawingu hayajakufikia, soma uelekeo wako na uhesabu kinyume chake: ukienda 240, utarudi kwa 060. Ukijikuta umo ndani, kwanza sawazisha mabawa na utulie. Chagua kugeukia upande usio na mlima. Geuka kwa kiwango kile cha nyuzi 3 kwa sekunde, ukishika kimo, na baada ya dakika 1 utakuwa umetazama kule ulikotoka kweupe. Waarifu waongoza ndege mara unapopata nafasi ya kusema, wala usione haya. Kisha mtafute mwalimu, uvae kizuizi cha macho ukiwa ndani ya ndege yenyewe, naye aiweke ndege katika mkao asiokuambia, mpaka uweze kuifanya zamu hiyo huku mwili wako ukikataa. Lifanye hilo kabla mvua za Novemba hazijaanza.