Mtutu Unayumba kwa Sababu Unahema

Wiki za kwanza nilipocheza Red Orchestra 2, gemu ya vita vya Stalingrad katika Vita vya Pili vya Dunia, katika chumba cha gemu pale Kondele, Kisumu, kila mtutu wa bunduki ulipoyumba nililaumu kipanya. Baadaye nikalaumu kompyuta. Mwenye chumba alipochoka na kelele zangu akaniuliza, "Wewe kijana, umekimbia Stalingrad nzima, sasa unataka mkono utulie?"

Gemu hiyo ni ya mwaka 2011, lakini bado ndiyo ninayompa mtu anayetaka kuonja uzito wa bunduki. Nasema uzito kwa sababu niliupima. Lee-Enfield, bunduki waliyobeba Keya wetu, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, huko Burma, ilikuwa na takriban kilo 4. Nilifunga pamoja pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, nikapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, kisha nikazinyanyua usawa wa jicho kana kwamba nalenga tangi la maji la jirani. Sikufika hesabu ya kumi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Mama alinitazama tu, akadai unga wake.

Sasa piga hesabu. Mtutu ukienda pembeni nusu digrii, kwa mita 100 risasi inapita kama sentimita 87 kutoka ulipolenga. Hapo umemkosa adui na pengine hata mwenzake aliyesimama kando.

Kwa hiyo usifukuzane na mtutu kwa kipanya. Simama kwanza, pumzi ishuke. Tafuta dirisha, gunia la mchanga au ukuta uliobomoka, uegemeze bunduki. Usipopata, lala kifudifudi. Vuta pumzi, itoe, na ufyatue katika ule utulivu mfupi kabla hujavuta nyingine.

Teke la bunduki, yaani inavyoruka ikifyatuliwa, ni habari tofauti, na wageni wengi huliogopa bure. Kwa bunduki ya kukoki kila risasi, kama Mosin-Nagant au Kar98k, mtutu unaporuka risasi imeshatoka. Ukianza kuvuta kipanya chini kabla ya kufyatua, umejiharibia mwenyewe. Uache uruke, koki, lenga upya. Teke linakuwa tatizo ukishika PPSh-41, bunduki inayofyatua mfululizo, yenye risasi 71 na kasi inayokaribia risasi 1,000 kwa dakika. Hiyo ipigie tatu tatu, uachie, uanze tena.

Lakini nitabishana na wanaodhani kila kinachoyumba ni uhalisia. Askari amelala, bunduki imeegemea gunia, na bado mtutu unapepesuka kama mlevi? Huko ni kumwadhibu mchezaji tu. Mimi huuliza: nikifanya inavyopasa, bunduki inanitii?

Jambo la mwisho ni kasi ya kipanya. Ipunguze mpaka ulazimike kusogeza mkono mzima, si kifundo pekee. Kwenye chumba cha gemu itabidi uirekebishe kila unapokaa, maana aliyekutangulia huwa ameipandisha mpaka juu kabisa.