Mmea Unaokwea Usiuache Uning'inie

Kipando changu cha kwanza cha Philodendron melanochrysum kilikuja na majani mawili, kila moja ukubwa wa kiganja, kijani kilichokolea mpaka kukaribia weusi, laini kama mahameli. Nilikilipia bei ya kodi ya chumba cha mwezi mzima. Nikakipanda kwenye udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, nikakipandisha juu ya kabati sebuleni ili kishuke kama maua mengine ya ndani, nikawa nakimwagilia kila asubuhi. Miezi miwili haikuisha, shina likaoza. Niliumia sana.

Cha pili hakikufa, lakini kila jani jipya lilitoka dogo kuliko lililotangulia, na shina likarefuka kama uzi. Mbolea niliongeza, haikusaidia kitu. Nilipotulia nikasoma mmea huu unaishije kwao, ndipo nikaelewa.

Kwao ni Kolombia, kwenye misitu ya mvua chini ya milima ya Andes. Huanzia chini msituni, ukipata gogo la mti unalishika kwa mizizi ya hewa inayochipuka kwenye vifundo vya shina, kisha unapanda kufuata mwanga. Kadiri unavyopanda ndivyo majani yanavyokua, hata jani moja likapita sentimeta 60. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mmea mdogo, uliopewa jina la melanochrysum mwaka 1873, ulidhaniwa ni tofauti kabisa na ule mkubwa, ambao nao ukapewa jina lake, andreanum. Baadaye ikajulikana ni mmea mmoja. Basi kipando kinachoning'inia kabatini hakina dalili yoyote ya kukiambia kwamba kimepata mti. Kitabaki kitoto.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya mbolea na kabla ya chungu cha bei, ni nguzo, tena nguzo yenye unyevu. Ufito mkavu unasimamisha shina tu. Mizizi haiwezi kuushika. Sisi wa pwani tumebarikiwa, makumbi ya nazi yamejaa kila mahali. Mimi nachukua wavu wa kuku, naukunja uwe bomba lenye upana wa glasi ya chai, najaza usumba, yaani nyuzi za makumbi, niliouchambua, nafunga kwa waya. Ila usumba wetu una chumvi, hasa makumbi yakiwa yamelowekwa pwani. Uloweke usiku kucha na kumwaga maji, mara tatu, ndipo uutumie. Shina lifunge kwa kitambaa laini, ule upande wenye mizizi uguse nguzo. Kisha mimina maji taratibu kutokea juu ya nguzo, kila usumba unapoanza kukauka. Mizizi ilipoingia ndani ya ile nguzo yangu, jani la tatu lilitoka karibu mara mbili ya yale ya zamani. Nilikaa nalo sebuleni jioni nzima nikiliangalia.

Kwenye chungu, mizizi inataka hewa. Nachanganya sehemu mbili za vipande vya makumbi, moja ya mkaa uliopondwa kama punje za mahindi, moja ya mboji. Chungu kiwe na matundu. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta kubichi, usimwagilie.

Kuhusu maji, hapa Dar wengi wetu tunatumia ya kisima, na mengi yana chumvi. Kingo za majani zikianza kuungua na kuwa kahawia, shuku maji kwanza. Mimi nakinga ya mvua wakati wa masika na vuli, natunza kwenye madumu yenye vifuniko ili mbu wasizae humo.

Joto letu halina neno, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Adui ni kiyoyozi. Hewa yake kavu inalikausha jani changa likiwa bado limo kwenye ala yake, likifunguka linachanika. Ukiona limekwama, usilivute hata kidogo. Sogeza mmea mbali na kiyoyozi, lowesha nguzo, subiri. Likifunguka salama linakuwa na rangi ya shaba inayong'aa kabla halijaiva kuwa jeusi, na jina lenyewe la Kigiriki linamaanisha weusi na dhahabu.

Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linatosha. Jua la mchana linaunguza.

Angalia chini ya majani kila wiki, utitiri hujificha huko. Futa kwa kitambaa chenye maji tu. Mafuta ya kung'arisha yanaharibu ule ulaini. Na wenye watoto wadogo au paka, mmea huu ni ukoo mmoja na magimbi. Unajua gimbi bichi linavyowasha kooni. Mmea huu nao una uwasho uleule, kwa hiyo uwekwe wasipofika.

Nguzo yangu sasa imeisha na mmea bado unataka kupanda. Mvua zikianza nitakata ncha chini ya kifundo chenye mizizi, niipande kwenye nguzo mpya, na kisiki nikiache kichipue.