Kabla hujajaza kozi za chuo soma hii, hasa wewe wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu)

Matokeo ya Form Six yakitoka tu inbox yangu inajaa, ndivyo ilivyo kila mwaka, na huwa najitahidi kumjibu kila mtu. Safari hii kuna meseji moja ya binti wa PCM imenikaa kichwani. Kaandika hivi: "Dada shikamoo, nimepata one ya nane, baba anasema nikasome uhandisi Mlimani la sivyo hatoi hata mia, mimi natamani kwenda Ardhi nikasome mipango miji, nifanyeje?" Kwa msiojua, one ya nane ni divisheni ya kwanza kwa pointi nane, Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Ardhi ni Chuo Kikuu Ardhi, palepale Dar. Nilimjibu kwa kifupi palepale, ila baadaye nikaona hili haliishi kwa meseji mbili, kwa sababu hiyo "la sivyo hatoi hata mia" mimi niliambiwa karibu hivyohivyo, na miaka imepita mingi ila bado nikiisikia kifua kinabana.

Nilimaliza Form Six 2012. Enzi zetu mtihani ulikuwa Februari, kwa hiyo unakaa nyumbani miezi unasubiri matokeo, na kwetu ni Njombe, mwaka huohuo Njombe ndo ilikuwa imetoka kuwa mkoa baada ya kumegwa kutoka Iringa, mji ukachangamka ghafla, kila mtu anatafuta kiwanja. Mtaani kwetu wakaja wapima. Mmoja alikuwa dada, kavaa buti na koti zito la baridi, ana kifaa juu ya miguu mitatu anachungulia halafu anaandika kwenye daftari, na wanaume wazima wanamsikiliza yeye akisema kigingi king'olewe au kipandwe. Nikasogea nikauliza anafanya nini. Hakunifukuza. Akanionyesha kwamba ukizunguka eneo la pembe nne unapima kila pembe, na ukimaliza jumla ya pembe za ndani lazima ije nyuzi 360, ikipungua au kuzidi kupita kiwango kinachoruhusiwa unarudi kupima upya, hakuna kudanganya. Jamani, mimi nilikuwa mtu wa hesabu tangu darasa la tano lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha hesabu inayofanya kazi juu ya ardhi namna ile, bikoni, yaani alama ya mpaka, inachimbiwa pale na mama mjane anajua mpaka wake uko wapi. Nikamuuliza umesomea wapi, akasema Ardhi, kozi inaitwa Jiomatiki, yaani upimaji ardhi na utengenezaji wa ramani, miaka minne.

Matokeo yakatoka nikawa na one ya saba, Kemia B, Hesabu B, Fizikia C. Baba yangu analima viazi, mahitaji yangu ya shule kwa sehemu kubwa alikuwa anatoa baba mkubwa aliyeko Dar, na ninamshukuru kwa hilo mbele ya kila mtu. Akapiga simu siku ileile: mwanangu, uhandisi Mlimani, ada yote juu yangu, laptop juu yangu. Nilipomwambia nataka Jiomatiki akanyamaza kidogo halafu akasema sijakusomesha PCM ukashike kamba na kupima viwanja vya watu, kazi hiyo hata wa Form Four anafanya. Nikajaribu kumweleza mambo ya picha za anga, ramani za kompyuta, setilaiti. Hakutaka. Akasema ukijaza hiyo usinitafute.

Nilijaza.

Kipindi kile tulikuwa tunaaplai kupitia mfumo mmoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), siyo kama sasa ambapo tangu 2017 unaaplai moja kwa moja kwenye chuo husika. Niliiweka Jiomatiki namba moja, kaka yangu akiwa amesimama nyuma yangu kwenye intaneti kafe ananiuliza una uhakika, una uhakika. Nilikuwa na uhakika. Nikachaguliwa, Bodi ya Mikopo ikanipa bumu, yaani hela ya kujikimu, na sehemu ya ada, iliyobaki baba akauza ng'ombe na viazi kabla havijafika bei nzuri. Baba mkubwa hakupokea simu yangu mwaka mzima wa kwanza. Nakaa Dar, yeye yuko Dar, Krismasi nakula na wenzangu wa hosteli.

Miaka ya chuo sitaki kuisimulia yote, walimu, desa, foleni za usajili mnazijua au mtazijua. Niseme tu kwamba Ardhi siyo chuo cha kubahatisha, kilianza 1956 kama shule ya kufundisha wapima, kikaja kuwa chuo kishiriki cha Mlimani mwaka 1996, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, kimepakana na Mlimani kabisa, unaweza kutembea kwa mguu. Na Jiomatiki siyo kushika kamba. Kuna hesabu za kurekebisha makosa ya vipimo ambazo zilidiskoisha, yaani zilifukuzisha chuo, watu waliokuja na A za Hesabu, kuna umbo la dunia na namna ya kuliweka kwenye karatasi bapa, kuna ramani kutoka picha za ndege na setilaiti, kuna kupima chini ya maji. Nilikula sapu (mtihani wa marudio) moja tu, na nakumbuka kwenye fildi tulikuwa tunaamka alfajiri kabla joto halijaanza kuyumbisha picha kwenye darubini, wenzangu wananung'unika, mimi nafurahi. Kufurahi kule ndo ninachotaka wadogo zangu mkitafute. Si kwamba ilikuwa rahisi, ilikuwa ngumu sana, ila ugumu wake nilikuwa nautaka.

Nina rafiki yangu tuliyesoma naye Advance. Yeye alisikiliza nyumbani, akachagua chuo kwanza, yaani alitaka tu aseme yuko chuo fulani, kozi ikawa ile iliyobaki kwenye orodha ambayo pointi zake zinamruhusu. Mwaka wa pili ananipigia analia, hajui hata akimaliza ataitwa nani. Alimaliza, ana akili sana yule dada, ila mpaka leo hajapata kazi hata moja aliyoomba kwa digrii ile, na siyo kwamba digrii haina kazi, yeye mwenyewe haipendi na kwenye usaili inaonekana. Ananiambia natamani ningekaza kama wewe. Huwa sina la kumjibu.

Baada ya kumaliza 2016 nilisota, sitawaficha. Nilijitolea kwenye kampuni ndogo ya upimaji, nauli najitegemea, kazi ya kwanza kubeba vifaa. Ila kwa sababu nilikuwa naijua kazi na naipenda, wakubwa wakaanza kuniachia totali stesheni, kifaa cha kupimia pembe na umbali, halafu GPS, halafu michoro. Mwaka 2017 ujenzi wa SGR, ile reli ya kisasa, ukaanza kipande cha Dar mpaka Morogoro, kampuni moja iliyopewa kazi ndogo ndani ya mradi ikatafuta wapima wanaojua kufanya kazi haraka na kwa usahihi, nikaitwa. Reli ile upana wake ni milimita 1,435 kati ya reli na reli, sasa fikiria mtu anapanga tuta la kilomita na kilomita ambalo halitakiwi kuyumba, kila asubuhi wanaanza na namba zangu. Treni ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024 nilimpandisha baba kutoka Dar hadi Morogoro, nikamwonyesha dirishani kipande nilichofanyia kazi. Mzee alikaa kimya halafu akasema zile viazi hazikupotea.

Baba mkubwa siku hizi tunaongea. Kwenye sendofu ya binti yake alinitambulisha mbele ya ukumbi mzima kama "injinia wetu". Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Iliniuma, kwa sababu hata baada ya yote bado hajaona kile nilichokuwa namwambia 2012, mpaka anipe jina la kozi aliyoitaka yeye ndo nionekane nimefanikiwa. Nikasimama nikasema asanteni, mimi ni mpima ardhi. Shangazi akanivuta gauni nikae.

Sasa wazazi na walezi, nisemeni vibaya ila hili nitalisema. Mtoto aliyepata one siyo kombe lenu. Kutoa ada hakukupi haki ya kumchagulia mtu kazi atakayoifanya miaka thelathini. Ukitaka kumsaidia mkalishe, muulize anajua nini kuhusu hiyo kozi, akishindwa kujibu mpe kazi aende akatafute, hapo umelea. Kumtishia kumkatia ada siyo kulea.

Na nyie wadogo zangu msishangilie, maana wengi mnasema napenda kozi fulani na hamjui chochote kuhusu hiyo kozi. Mnapenda jina. Mtu ananiambia anataka sheria kwa sababu anapenda kuongea, namuuliza unajua ukimaliza LLB, digrii ya sheria, huwi wakili mpaka upite Law School of Tanzania? Hajui. Mwingine anataka udaktari, hajui kwamba ni miaka mitano darasani halafu mwaka wa intanship. Mwingine anataka uhandisi, hajui kwamba baada ya digrii kuna usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) na mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kabla hujaitwa injinia mtaalamu. Usanifu majengo pale Ardhi ni miaka mitano, udaktari wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ni miaka mitano. Haya siyo ya kukutisha, ukiyajua na bado unaitaka basi hiyo ndo yako. Usipoyajua umechagua gizani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tafuta mtu aliyesoma hiyo kozi. Siyo mjomba wako anayejua mtu, tafuta aliyesoma mwenyewe, muulize jana ulifanya nini kazini kuanzia asubuhi. Swali hilo moja tu. Akikueleza siku yake na wewe unasikia hamu, endelea. Ukisikia usingizi, acha. Mimi dada yule wa Njombe alinijibu kwa vitendo na ndo maana sikuyumba. Tafuta pia mwanafunzi wa mwaka wa tatu, siyo wa mwaka wa kwanza, wa kwanza bado anapiga picha getini. Muulize masomo gani yanadiskoisha watu. Ingia kwenye tovuti ya chuo usome majina ya masomo ya kila mwaka, halafu soma kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu uone sifa za kuingia, maana unaweza kuwa na one na bado somo moja likakunyima kozi. Na elewa hesabu zao: NECTA (Baraza la Mitihani) kwenye division A ni 1, B ni 2, C ni 3, ndogo ndo nzuri, ila kwenye udahili inageuka, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ile one yangu ya saba ni pointi 11 huku. Kila mwaka watu wanachanganya hapa.

Jina la chuo lije baadaye. Narudia, kozi kwanza, chuo baadaye. Mwajiri wa kwanza ataangalia chuo ulichosoma, baada ya miaka miwili wanaangalia mikono yako.

Mkopo nao ufikirie mapema, ukishaajiriwa Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka uishe, ni haki yao, wamenisomesha. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, fomu ipite serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili, usisubiri wiki ya mwisho. Kwa huyu binti aliyeniandikia hili ndo la muhimu kuliko yote: omba mkopo hata kama baba anasema atalipa, kwa sababu akibadilika Oktoba hutakuwa na pa kukimbilia. Na usimtukane baba. Mwambie ukweli mara moja kwa heshima, mpe jina la mtu aliyesoma mipango miji aongee naye, halafu ujaze unachokitaka.

Jambo la mwisho, hili limewagharimu wengi. Wengine mko kambini JKT mujibu wa sheria, yale mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa baada ya Form Six, simu shida, mnamwachia ndugu aende steshenari mtu wa pale amjazie. Yule wa steshenari anaweka namba yake ya simu na imeili yake ili amalize haraka. Sasa ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja inabidi uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa meseji, na namba hiyo inaenda kwa mtu wa steshenari ambaye ameshakusahau. Namba iwe yako au ya mama, nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani, na ndugu abaki pale mpaka aone imetumwa. Dirisha la kwanza likifungwa huwa kuna la pili, ila kozi zinazogombaniwa mara nyingi zinakuwa zimeshajaa, kwa hiyo kama unasoma hii na hujaaplai, anza leo, na ukiwa na swali la Jiomatiki niandikie, hilo nitakujibu kwa urefu wowote unaotaka.