Bamvua halingoji mkutano: maswali yenu ya wiki hii

Shirika letu lipo Mtwara mjini. Tukiitisha mkutano wa wadau kijiji cha pwani, wanakuja wazee saba na mtendaji. Barua tunapeleka wiki mbili kabla, na tunaanza saa nne asubuhi ili kila mtu awahi. Tunakosea wapi? (Afisa miradi)

Hapo hapo kwenye saa nne. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Wakati nyinyi mnapanga viti, kina mama wako mwambani na vijiti vyao wanachokoa pweza, na hawatamwacha pweza shimoni waje kusikiliza malengo ya mradi.

Nayajua haya kwa aibu. Niliwahi kuandaa mkutano Msimbati: turubai limefungwa, viti vya plastiki mia moja, soda kwenye barafu. Mzee mmoja akanionea huruma. "Mjukuu wangu, leo maji yametoka. Ungekuja maji mafu, siku yasipokupwa mbali." Nilikuwa nimetazama kalenda ya ofisini, mwezi sikuutazama. Soda tulirudi nazo karibu zote.

Siku waulizeni wenyeviti wa vitongoji. Barua kwa mtendaji mara nyingi huishia kwenye faili, ila tangazo baada ya sala ya Ijumaa linafika hadi jikoni. Mkienda vijiji vya korosho, kumbukeni kuanzia Oktoba watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Na mkifika, kabla ya utambulisho ule mrefu, someni watu walisema nini mkutano uliopita na nyinyi mmefanya nini. Kama hamkufanya kitu, semeni hivyo hivyo. Wale wazee saba watawasimulia wenzao.

Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa mazao, huko Newala. Wanachama wanatuita wezi kwa sababu ya makato. Makato yote ni halali na mkutano mkuu uliyapitisha. Tufanye nini zaidi? (Katibu)

Ndugu katibu, mkulima haoni mkutano mkuu, anaona meseji ya benki. Mnadani alisikia bei moja, kwenye simu ikaingia hela isiyolingana na kilo zake. Katikati pana ushuru wa halmashauri, wa ghala, wa chama kikuu, usafirishaji na wa AMCOS yenyewe. Wewe unayajua kwa moyo. Yeye anajua tu kwamba hela imepungua njiani.

Chukua karatasi ya manila na kalamu nene. Andika hesabu ya kilo moja, siyo ya tani: bei ya mnada juu, kila kato kwenye mstari wake na jina la anayelipokea, chini kabisa kinachobaki kwa mkulima. Bandika pembeni ya mzani, pale watu wanaposimama foleni na magunia, siyo ndani ya ofisi nyuma ya meza yako. Bei ikibadilika mnada unaofuata, bandika nyingine. Asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu wake, na niamini, atasomewa mara mbili.

Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka korosho ghalani na kupewa risiti zikisubiri mnada, iliingia kwenye korosho za kwetu mwaka 2007, na bado kuna wanachama wasioweza kukueleza gunia lao linapita wapi likishatoka kwenye mzani. Hilo ni deni la viongozi. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei za minada, hadi serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengine walishangaa wakulima wamepata wapi ujasiri. Mimi sikushangaa, bei ya kilo ni kitu walichokuwa wanakielewa vizuri kuliko kingine chochote. Mkiwaficha hesabu, mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa siri nje ya mnada, yupo nyuma ya nyumba na kibaba chake. Anawapunja mchana kweupe, lakini hesabu yake wanaiona kwa macho.

Posho ya kikao ni rushwa? (Mwanafunzi, Lindi)

Nauli na chakula cha mtu aliyeacha shamba lake siku nzima, hapana. Bahasha inayotoka baada ya watu kupiga makofi, ndiyo. Angalia imetangazwa lini.

Wageni walikuja kijijini kwetu kutupa taarifa ya mradi, tukasaini mahudhurio. Sasa tunaambiwa tulikubali kutoa ardhi. Imekuwaje? (Mkazi, Lindi vijijini)

Kusaini mahudhurio ni kusema ulikuwepo, basi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Ombeni muhtasari wa mkutano huo, msomewe hadharani, na kama hakuna azimio lililoandikwa, hamkuazimia. Siku nyingine mtu wa kwanza kusaini aandike juu ya karatasi: "Waliohudhuria kupokea taarifa." Maneno matatu tu.

Na kwa wenye miradi mnaosoma hapa: Mtwara tangu mwishoni mwa 2012 watu waliuliza bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam litawaachia nini. Walijibiwa kwa matangazo na hotuba. Mei 2013, siku ya bajeti ya nishati, mji uliwaka moto. Mkikusanya saini mkadhani mmekusanya ridhaa, mnajidanganya wenyewe.

Tumeweka kisanduku cha maoni kwenye kituo chetu cha afya. Mwezi wa nne huu, hakuna hata karatasi moja. Wananchi wameridhika? (Msimamizi)

Ufunguo wa kufuli anao nani? Kama ni yule anayelalamikiwa, wagonjwa wanajua. Mpeni mjumbe wa kamati ya kituo anayetoka kijijini, halafu wekeni na kalamu. Nimeona visanduku vingi, kalamu sijawahi kuiona.