Mwalimu, mrudishie paka dagaa wake leo hii

Acha kusoma kwanza. Nenda jikoni, chukua dagaa, wapashe moto kidogo, mwekee huyo paka. Ukimaliza rudi tuongee.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi yuko Lindi, amepangiwa shule Nachingwea na anahama mwezi ujao. Ana paka jike, mnene, ambaye tangu utotoni hajui chakula kingine zaidi ya dagaa mchele. Anahofia huko ndani hatawapata wabichi kila siku, kwa hiyo kanunua mfuko wa punje za dukani, kile chakula kikavu cha paka. Anauliza ampe kiasi gani kwa siku, cha kopo na cha punje kipi bora, maziwa yanafaa au hayafai, na dawa ya minyoo ampe lini. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, anamalizia: "tangu juzi jioni hajagusa kitu, nimeamua kumkazia mpaka aelewe." Na wachangiaji chini yake wanampongeza kwa msimamo!

Mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo uzi wenyewe. Paka hafunzwi kwa njaa. Chatu anaweza kukaa miezi bila kula akaendelea na maisha yake. Mbwa mzima mwenye afya ukimkazia siku moja, kesho yake anakula ulichomwekea. Paka mwili wake hauko hivyo. Akikosa chakula, mwili unavuta mafuta yaliyojificha chini ya ngozi na tumboni, unayapeleka kwenye ini yakageuzwe nguvu. Ini la paka haliwezi kuyamudu mengi kwa mkupuo. Yanajazana humo humo, ini linavimba, linaanza kushindwa kazi. Na paka mnene ndiye anayeanguka upesi, maana mafuta ya kupeleka huko anayo tele. Siku mbili tatu za kutokula zinatosha kuanzisha balaa.

Mtego uko hapa: ini likishaharibika, paka anashikwa na kichefuchefu. Hapo hata kile chakula alichokuwa anakililia hakitaki tena. Wewe unasubiri aelewe, kumbe unasubiri afike mahali ambapo hata dagaa wake ukimrudishia atageuza uso.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta hapa Mtwara. Paka wangu aliitwa Shombo, tulimwokota Feri akiwa kichanga, akalelewa kwa dagaa wa wavuvi. Ulipofika msimu wa kusi, bahari ikachafuka, boti nyingi hazitoki, na zikitoka zinakutana na mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti kitu. Dagaa wakawa wa kutafuta kwa tochi. Nikaingia duka moja mjini, nikamkuta kijana anauza chakula cha wanyama. Nikamweleza kuwa paka wangu mchaguzi. Akaniambia: "Mama, usimbembeleze. Mchagua nazi hupata koroma. Toa dagaa wote ndani, mwekee hiki tu. Njaa ikimbana atakula mwenyewe. Mbona hata chatu anakaa miezi?" Aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyesomea. Baadaye nikaja kujua kwamba hajawahi kufuga paka hata siku moja, kabla ya hapo alikuwa anauza mabati. Mtu hajui, si aseme sijui? Kwani kuna faini?

Shombo alinusa zile punje, akaanza kukwangua sakafu pembeni ya bakuli, vile vile anavyofukia choo chake, akaondoka. Siku ya kwanza alinifuata kila nilipokwenda akilia. Kisha akanyamaza, na mimi nikaona sasa anakubali yaishe. Angalia hapo mwalimu, maana na wewe umeandika "leo ametulia kidogo." Hajatulia. Anaishiwa nguvu. Shombo alihamia chini ya kabati la vyombo, akalala kifudifudi, kidevu kimegusa ukingo wa bakuli la maji na hanywi. Manyoya ya kidevuni yalikuwa yameloa udenda. Nikaogopa, nikakimbilia Feri, nikamletea dagaa wabichi wa asubuhi ile ile, bado wanang'aa. Nikamwekea puani. Alilamba midomo, akameza mate, akageuka ukutani.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Mle nako hakuna aliyeinuka kumtazama paka. Nimemfunga kwenye kanga, yuko mkononi mwangu, na mtu ananiuliza tu, "Hali? Basi ni minyoo." Nikauziwa dawa ya minyoo, akapewa paka ambaye tumboni hamna hata punje! Aliitapika yote, na povu. Ndiyo maana nikiona unauliza dawa ya minyoo damu inanichemka. Hiyo weka kando kabisa mpaka awe anakula vizuri.

Jioni nilimgeuza sikio kwenye mwanga wa dirisha. Ile ngozi ya ndani, pale manyoya yalipo haba, ilikuwa ya manjano kama leso iliyoguswa na bizari. Nikamfunua mdomo, ufizi nao vile vile. Hapo ndipo nilipopata namba ya daktari wa mifugo hasa, mzee mmoja ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Alikuja kwa bodaboda usiku. Alimgusa tumbo, akatazama macho, akaniuliza swali moja tu: "Hajala tangu lini?" Nilipomjibu alikaa kimya.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya ini. Akasema tiba ya ugonjwa huu ni chakula chenyewe, kwamba paka wa namna hii hulishwa kwa mrija kwa wiki kadhaa mpaka ini lisafike, na kwamba wakiwahiwa wengi wanapona. Mrija wa kipimo cha paka hakuwa nao. Alimtundikia dripu, akatuonyesha namna ya kumlisha supu ya samaki iliyosagwa laini kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya shavu, tone kwa tone, ili asipaliwe. Tulilishana zamu mimi na mwanangu. Tulikuwa tumechelewa. Shombo alikufa alfajiri, kichwa kikiwa kwenye paja la mwanangu, naye alikuwa na mtihani asubuhi ile.

Nilirudi kwa yule kijana wa duka. Akasema, "Pole mama, labda alikuwa na ugonjwa wake." Alikuwa mzima! Alikuwa anaruka ukuta wa jirani! Ugonjwa wake ulikuwa ushauri ule. Na ushauri ule ule naukuta humu umeandikwa na watu wenye alama kibao za kupendwa. Kuna mdau hapo juu anasema paka wa bibi yake Newala walikula ugali na wakanenepa. Ndugu yangu, paka wale walikuwa wanakula panya wa ghalani na mijusi usiku kucha, ugali ulikuwa wa kujazia tu. Paka ni mla nyama, kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki. Akikikosa muda mrefu, moyo unadhoofika na macho yanaharibika. Hilo lilithibitishwa Marekani kwa upande wa moyo tangu 1987. Kwa hiyo mwalimu, usije ukaona punje zimegoma ukahamia kwenye ugali na mchuzi. Na mchuzi wetu una kitunguu, ambacho kinaharibu damu ya paka.

Sasa kubadilisha chakula kunawezekana. Niliyenaye sasa naye alikuwa wa dagaa, leo anakula punje, kuku wa kuchemsha na dagaa pia. Ila dagaa hawakuondoka kwenye bakuli hata siku moja. Paka anachagua kwa pua kabla ya ulimi, kwa hiyo chakula kipya lazima kinuke kama kile cha zamani. Chukua dagaa wakavu, na kama ni wale waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke kwanza, umwage maji yale, uwakaushe tena. Watwange wawe unga. Bakuli libaki la dagaa wake wa kila siku, waliochemshwa, maana baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 na moto ndio unaokiua. Ndani yake tia punje chache sana zilizoviringishwa kwenye ule unga na kulainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Kikiwa cha uvuguvugu harufu inapanda. Cha baridi kutoka kwenye friji paka hakioni kuwa ni chakula.

Akila dagaa akaziacha punje, ni sawa. Ameshiba, ini lake liko salama, na kesho unajaribu tena. Akila na punje, ongeza kidogo baada ya siku kadhaa. Wanasema wiki moja hadi siku kumi, lakini hiyo ni kwa paka mwepesi. Paka wa dagaa anaweza kukuchukua wiki nyingi, na kuna kipindi atarudi nyuma. Akirudi nyuma, rudi naye.

Na hili la kuhama: usimbadilishie nyumba na chakula kwa mkupuo. Paka wengi wakihamishwa tu wanagoma kula kwa hofu, hata kile wanachokipenda. Safari ya Nachingwea nenda na gunia la dagaa wakavu, hawaozi upesi. Akifika mwache kwenye chumba kimoja chenye nguo zako na bakuli lile lile la zamani, ale dagaa wake mpaka atakapoanza kutembea nyumba nzima bila kunyata. Punje zianze baada ya hapo.

Ukiona saa 24 zimepita hajaweka chochote mdomoni, huo si ubishi tena, ni ugonjwa, mtafute daktari. Kitoto cha paka usisubiri hata nusu ya muda huo. Na wewe, kwa hesabu ya maandishi yako, umeshapita hapo.

Kwa hiyo fanya hivi sasa hivi: mpeleke mlangoni penye jua, mfunue sikio kwa ndani, kisha mnyanyue mdomo uone ufizi. Ukiona rangi ya manjano, au dagaa amewakataa, usije humu kutuuliza. Mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo hapo Lindi, na jambo la kwanza umwambie ni lini alikula mara ya mwisho. Ukiona pako pinki na amekula, andika hapa amekula kiasi gani. Naufuatilia uzi huu, silali mpaka ujibu.