Kuchagua namba kwa jumla yake, inasaidia?
Ndugu yangu, umeuliza kama kwenye bahati nasibu ya namba 6 kati ya 49 ukichagua zile ambazo jumla yake iko kati ya 115 na 185 utashinda kirahisi. Hapana. Ni kweli kama asilimia 70 ya droo zinaangukia humo, lakini ni kwa sababu michanganyiko yenye jumla hizo ndo mingi, karibu milioni 10 kati ya 13,983,816, na we tiketi yako bado ni mmoja tu humo ndani, kwa hiyo 1-2-3-4-5-6 yenye jumla ya 21 ina nafasi ileile kabisa na yako yenye 150, mipira haijui kujumlisha.

Kinachobadilika kidogo ni mgao wa zawadi ukishinda. Watu wengi wanaweka tarehe za kuzaliwa, namba za 31 kushuka zinachezwa sana, sasa ukichanganya na za juu haushindi haraka zaidi ila ukibahatika kuna uwezekano mkubwa hamtagawana wengi.

Na kama kuna programu ya kulipia ya kukuchujia namba kwa jumla yake, tafadhali usiilipie, inakuuzia kitu ambacho hakipo.