Krisanthemu mpya ya kwako mwenyewe: leo najibu maswali yenu

Jamani tangu niwaonyeshe yale maua yangu ya rangi ya shaba maswali hayaishi, kwa hiyo leo nimekaa chini na kikombe cha chai nayajibu kadiri nitakavyoweza. Kwa wageni tu, nimefanya kazi miaka 11 kwenye grinihausi za maua huku Usa River, Arusha, muda mwingi kwenye matuta ya krisanthemu, na tangu niache nazalisha aina zangu mwenyewe nyuma ya nyumba. Krisanthemu unazijua hata kama jina hulijui, ni yale maua yanayojazia mashada ya harusi na ya misiba, yanakaa kwenye maji wiki mbili na zaidi wakati waridi limeshainamisha kichwa.

Shikamoo mama. Nilikusanya mbegu za krisanthemu ya pinki, zimeota 9 na hakuna hata moja iliyofanana na mama yake, nyingine nyeupe, nyingine ina rangi kama chai ya jana. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Hujakosea popote, hivyo ndivyo zilivyo. Binadamu tuna seti mbili za kromosomu, krisanthemu za maua kwa kawaida zina seti sita, jumla 54, kwa hiyo kila mbegu ni kama umechanganya karata upya. Halafu ua la krisanthemu halikubali chavua yake lenyewe, wala ya mmea mwingine wa aina ileile, maana hiyo mimea yote imetokana na vipandikizi vya mmea mmoja, kwa hiyo ni kama mtu mmoja tu. Ukiona mbegu ujue nyuki alitoka kwenye aina nyingine. Ndiyo maana mashambani hakuna anayepanda mbegu ili auze maua, wanapanda vipandikizi tu. Mbegu ni kwa ajili ya sisi tunaotafuta kitu kipya, na hizo 9 zako ni aina 9 ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Usizitupe, hata hiyo ya chai ya jana isubiri ichanue mara ya pili.

Nataka kuchanganya mwenyewe badala ya kuwaachia nyuki, naanzaje?

Kwanza lielewe ua. Kile unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Kila petali ya pembeni ni ua kamili la kike, lina kiulimi chenye umbo la herufi Y chini kabisa lakini halina chavua. Vile vidogo vya njano vilivyobanana katikati ndivyo vyenye chavua. Kwa hiyo mama chagua lenye petali nyingi zilizojaa, baba chagua lenye kitovu kikubwa kilicho wazi.

Ua la mama likifunguka safu ya nje, chukua mkasi mdogo ukate petali zibaki fupi mpaka uone vile viulimi vinachungulia. Watu wanaogopa hapa, wanasema mama unaliharibu ua, ndiyo naliharibu, nataka mbegu sio mapambo. Vile vya katikati ving'oe kwa kibanio. Chukua brashi laini, gusa chavua ya baba, paka kwenye viulimi, funika na kimfuko cha khaki, rudia kila baada ya siku mbili mara tatu au nne kwa sababu maua madogo yanafunguka kwa awamu kutoka nje kwenda ndani. Funga uzi wenye kikaratasi: jina la mama, jina la baba, tarehe. Andika kwa penseli, wino wa peni unafutika na maji, nililia siku nilipogundua hilo.

Mbegu zinakomaa wiki kama sita mpaka nane na muda huo kichwa kisinyeshewe, kikilowa kinaoza chote. Kwa hiyo usifanye kazi hii masika, au weka mama kwenye ndoo chini ya paa.

Krisanthemu zangu za bustanini zinachanua zikiwa fupi kama mchicha, zile za karibu na ukuta zimerefuka mpaka kifuani lakini hazitoi ua. Udongo ni uleule, mbolea ileile. Kuna nini?

Nambie, hapo ukutani kuna taa ya mlinzi? Nina uhakika ipo. Krisanthemu inahesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu inatengeneza ua, usiku ukikatwa na mwanga inaendelea kurefuka tu. Kule Ulaya wakati wa kiangazi siku ni ndefu kwa hiyo mmea unajirefukia wenyewe, sisi huku karibu na ikweta mchana una urefu wa saa kama 12 mwaka mzima, kipandikizi kikishika mizizi tu kinaona usiku mrefu kinaanza kuchanua kikiwa kitoto. Ndio maana grinihausi za huku zinawaka taa usiku wa manane, watu wanadhani ni ulinzi.

Fanya hivi: tundika balbu juu ya tuta, washa saa chache katikati ya usiku kwa wiki tatu au nne za mwanzo, mmea ukifika urefu unaoutaka zima kabisa na hesabu wiki kuanzia siku hiyo mpaka ua lifunguke. Hiyo hesabu iandike! Aina nyingine wiki 7, nyingine 8, nyingine 9, na ni moja ya alama za kuitambulisha aina yako.

Mama habari za siku. Nafanya kazi shamba la maua, nimeona mmea wa ua jeupe umetoa tawi moja lenye maua ya njano. Nikikata hilo tawi nikapanda kwangu ni aina yangu?

Hili limenigusa kwa sababu na mimi liliwahi kunitokea.

Tawi kama hilo tunaliita sipoti. Mmea ule ule, ila chembechembe za sehemu moja zimebadilika. Na nyeupe kugeuka njano ni kawaida kuliko unavyofikiri, watafiti wa Japani walieleza sababu yake mwaka 2006: krisanthemu nyeupe nayo inatengeneza rangi ya njano, ila kwenye petali kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja, kimeng'enya kikiharibika njano inabaki. Kwa hiyo hilo tawi halijaongeza kitu, limepoteza kitu. Zipo familia nzima za krisanthemu sokoni zenye umbo moja na rangi sita saba, na mzizi wake ni sipoti za namna hiyo.

Sasa swali lako. Hapana, sio lako la kukata ukaondoka nalo. Kwanza ni mali ya shamba, ukishikwa na vipandikizi getini ni wizi na kazi umepoteza. Pili, hata ukilifikisha nyumbani, kama ile nyeupe imesajiliwa na mwenye haki yake yupo, sheria za kulinda aina mpya zinaiona sipoti kama mtoto tegemezi wa ile ya kwanza, huwezi kuiuza bila ruhusa yake. Nachokushauri: piga picha, funga uzi, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, na omba iandikwe kwamba wewe ndiye uliyeiona. Mimi msimamizi wangu wa wakati huo alilikata akalitupa kwenye debe la takataka mbele yangu, akasema linachafua tuta. Linanikaa moyoni mpaka leo. Lakini wengine wanathamini, jaribu.

Kuchanganya kwa mbegu ni habari tofauti. Ukinunua aina iliyosajiliwa ukaitumia kama baba au mama kuzalisha kitu kipya, sheria inakuruhusu bila kumwomba mtu, na mtoto akiwa tofauti kweli ni wako. Ndio maana nawasukuma kwenye mbegu.

Ua langu lilikuwa zuri, mwaka wa pili limedogoka, mimea mifupi, rangi imepauka. Nimeongeza mbolea, wapi!

Acha mbolea. Rangi peke yake kupauka ningesema joto, maana pinki na nyekundu zinafifia kwenye joto kali, ila kudogoka na kupauka pamoja nahisi viroidi, kitu kidogo hata kuliko virusi, kinadumaza krisanthemu na hakina dawa ya kupuliza. Kinasafiri kwa kisu na mikono, unakata mmea mgonjwa unahamia mzima. Iliyodumaa yote ing'oe uchome, chukua vipandikizi kwenye mmea uliobaki na nguvu kabisa, na kila ukihama mmea chovya kisu kwenye jiki. Mmea mama wa vipandikizi utunze mbali na mimea mingine, na usiuache uchanue.

Naweza kupata ya bluu?

Kwa kuchanganya, hapana, krisanthemu haina njia ya kutengeneza ile rangi inayoleta bluu. Wajapani walitangaza ya bluu mwaka 2017, ila walipandikiza jeni mbili kutoka mimea mingine, mmojawapo ule unaotambaa wenye ua la bluu ambao watu wanachemshia chai. Za bluu unazoziona dukani zimenyweshwa maji ya rangi.

Nimepata ua ambalo sijaliona popote, jekundu ndani, dhahabu nje. Nimeambiwa niandike maelezo yake kabla ya kusajili. Nimeandika "ua zuri jekundu la kuvutia" nikaishiwa. Mama nisaidie.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo mimi napapenda kuliko kote, kwa hiyo nivumilie.

Neno "zuri" lifute. Fikiria mtu yuko Nairobi au Uholanzi, hajaliona ua lako, ana mimea mia mezani na karatasi yako mkononi, aweze kunyoosha kidole akasema ni huu. Hiyo ndiyo kazi ya maelezo. Ukienda kusajili wanaangalia aina yako iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake yote ifanane, na ibaki hivyo kizazi hadi kizazi cha vipandikizi. Uzuri hawauulizi.

Kwa hiyo panda kwanza vipandikizi kama 20 vya siku moja, na pembeni yake, tuta hilohilo, panda aina iliyopo sokoni inayofanana zaidi na yako. Hii watu wanairuka na ni kosa kubwa, kwa sababu maelezo yana nguvu yakisema "hii ni kama ile, ila petali zake zimejikunja ndani na ile zimelala". Usiogope kufananisha, ukificha ndugu yake watamkuta wenyewe.

Halafu anzia chini upande juu. Urefu wa mmea, rangi ya shina, kama limenyooka. Jani: urefu, upana, mikato yake ina kina gani, kitako cha jani kimechongoka au ni cha mviringo. Ng'oa la katikati ya shina, sio la juu kabisa wala la chini lililozeeka. Mimi nalilaza juu ya karatasi nachora kwa penseli kulizunguka, mchoro mmoja unashinda sentensi kumi.

Ukifika kwenye ua, pima kipenyo kwa milimita kwenye maua kumi, usichague makubwa tu, utajidanganya. Hesabu petali, ndiyo zote, na kama ni safu moja hesabu maua kadhaa (kwenye muhuri wa mfalme wa Japani krisanthemu ina petali 16 kamili, mimea halisi haina adabu hiyo). Sema petali ina umbo gani: bapa, imejikunja kama kijiko, au ni mrija. Ncha yake imechongoka, imekatika au ina meno. Kitovu kinaonekana au kimefunikwa, na kina rangi gani kabla chavua haijatoka, kwa sababu ikishatoka vyote vinakuwa njano.

Rangi ndio inahitaji nidhamu. Uliloniambia, nyekundu ndani dhahabu nje, tayari ni maelezo mazuri kuliko "la kuvutia", maana pande mbili za petali zinaandikwa mbalimbali. Wataalamu wanatumia kadi za rangi za RHS, chama cha bustani cha Uingereza, zilianza 1966, kila rangi ina namba na kitundu cha kuchungulia petali. Ni ghali. Kama huna, anza na zile kadi za bure za duka la rangi za nyumba, andika jina la kadi, halafu kwenye usajili utafute anayemiliki kadi zenyewe. Angalia saa za mchana, kivulini, sio juani na sio jioni, jua la jioni linaifanya kila nyekundu iwe ya shaba. Chukua petali ya safu ya katikati kwenye ua lililofunguka karibuni. Na rudia msimu mwingine, pinki yangu moja niliiandika mwezi wa saba kwenye baridi, mwezi wa kwanza ilikuwa karibu nyeupe, ikabidi nianze upya.

Nimeshauza mashada sokoni kwa miezi mitatu, nimejiharibia? Na naweza kuliita jina la bibi yangu?

Hujajiharibia, ila anza kuhesabu. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2012 na tuko kwenye UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015, Kenya wako tangu 1999. Kanuni ya UPOV ni kwamba ukishaanza kuuza ndani ya nchi una mwaka mmoja wa kuomba, nje ya nchi miaka minne. Ukipita hapo linahesabika sio jipya tena hata liwe tofauti vipi. Huku kwetu maombi yanakwenda kwa msajili, Wizara ya Kilimo, Kenya yanakwenda KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na ukipewa haki unalindwa miaka 20.

Jina la bibi linafaa, mradi halijatumika kwenye krisanthemu nyingine na halidanganyi, yaani usiliite Theluji wakati ni jekundu. Namba tupu pia hazikubaliki kwa kawaida. UPOV wana hifadhi ya majina mtandaoni inaitwa PLUTO, litafute humo kwanza, na ukikuta lipo ongeza jina la kijiji cha bibi. Ukishalipata nitumie picha, weka rula pembeni ya ua.